Kula kidogo ili kuishi miaka mingi: ukianza na miaka 66 umechelewa?

SWALI

Dada, salaam. Mimi ni fundi umeme mstaafu, nina miaka 66, urefu wangu ni sentimita 172. Baba yangu alifariki akiwa na miaka 68, na tangu nitimize 66 hesabu hiyo hainitoki kichwani. Mwezi uliopita nilisoma kwamba panya waliopunguziwa chakula waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Nikasoma pia habari za Luigi Cornaro wa Venice, aliyeishi karne ya 16: alianza kujinyima akiwa na miaka kama 40, akafika uzee mkubwa. Nikaamua na mimi. Nilikuwa nakula kama kalori 2,200 kwa siku, nikashuka hadi 1,300 siku hiyohiyo. Leo ni wiki ya 5. Nimetoka kilo 71 hadi 67, na watu wananisifu. Ila usiku nasikia baridi hata pale ambapo wenzangu hawasikii. Naamka saa tisa usiku nikiwaza chakula. Asubuhi nikiinuka kitandani kizunguzungu kinanipata hadi nishike ukuta. Nameza kidonge kimoja cha presha kila siku. Mke wangu anasema naonekana mgonjwa, mimi namwambia mwili bado unazoea. Nauliza mawili: je, nimechelewa? Na nikiendelea hivi, nitaongeza miaka?

JIBU

Shikamoo kaka. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu linasimama pale kwenye ukuta. Kwa hiyo panya na Cornaro wangoje kidogo.

Mtu anayemeza dawa ya presha, amepungua kilo 4 kwa wiki 5, kisha anapata kizunguzungu akiinuka kitandani: huko si kuzoea. Ukipunguza chakula ghafla, mwili hutoa maji na chumvi, uzito unashuka, na presha inashuka pamoja nao. Dozi uliyopangiwa ulipokuwa na kilo 71 na sahani iliyojaa huenda leo ni kubwa mno kwako. Nenda kituo cha afya wiki hii, usingoje tarehe yako ya kliniki. Omba upimwe presha ukiwa umelala, halafu ukiwa umesimama, baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari atakuwa na la kufanya kuhusu dawa hiyo. Usiiache mwenyewe na usikikate kidonge nusu. Kuanzia leo jioni, rudisha chakula. Mpaka hapo mambo yatengemae, ukiamka keti kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha nyayo, hesabu hadi 30, ndipo usimame.

Nina sababu ya kulishupalia hili. Mama yangu aliamua kupunguza mwili akiwa na miaka 71. Alikuwa na kilo 68, magoti yakimuuma, na mtu mmoja wa afya alimwambia apungue, basi, bila kumwambia apungue vipi. Akaacha chakula cha jioni. Akaacha mayai na nyama, akabaki na chai, mboga na matunda. Kwa miezi 7 akapungua kilo 11. Sote tulimsifu. Mimi, niliyekuwa tayari na miaka mingi katika kazi ya ushauri wa lishe, nilimpiga picha akiwa na gauni lililopunguzwa kiunoni. Siku moja alishindwa kufungua kifuniko cha chupa, akanipa nimfungulie, nikafungua na kuendelea na maongezi. Mwezi uliofuata alianguka akitoka bafuni, nyonga ikavunjika. Kilo zilirudi baadaye, nguvu ya mapaja haikurudi. Aliishi miaka 6 mingine, yote akitembelea fremu. Kwa miezi 7 ile nilimpima uzito kila wiki, na sikuwahi hata mara moja kumtazama anavyoinuka kitini.

Ndiyo maana nikisikia mzee amepungua kilo 4, la kwanza ninalouliza ni kilo 4 za nini. Mzani haujui tofauti ya mafuta na misuli. Kijana akipoteza misuli kidogo huirudisha akianza kula na kufanya kazi. Sisi tuliopita 60 tunaipoteza hata tusipojinyima, na kuirudisha ni kazi ya miezi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa watu wanene 107 wenye miaka 65 na zaidi, uliodumu mwaka mzima. Waliopunguza chakula bila mazoezi walipungua karibu asilimia 10 ya uzito, lakini ndani yake walipoteza asilimia 5 ya nyama ya mwili isiyo mafuta, na mfupa wa nyonga ukapungua uzito wake kwa asilimia 2.6. Waliopunguza chakula huku wakifanya mazoezi walipungua uzito karibu uleule, ila nyama waliyopoteza ilikuwa asilimia 3, na mfupa asilimia 1.1. Na hao walikuwa watu wanene, wenye cha kupunguza. Wewe ulianza na kilo 71 kwa sentimita 172. Ukigawa kilo hizo kwa urefu wako katika mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 24. Kaka, hukuwa na mzigo wa kutua.

Sasa panya. Ulichosoma ni kweli. Mwaka 1935, Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walitangaza kwamba panya waliolishwa kidogo waliishi muda mrefu kuliko waliolishwa watakavyo. Lakini panya wale walianza kupunguziwa tangu walipoachishwa kunyonya, na walidumaa. Huo ni utoto wa panya, haufanani na kustaafu kwako. Swali la anayeanza akiwa mtu mzima lilikuja kujibiwa baadaye. Majaribio ya mwanzo ya kuwakatia chakula ghafla panya waliokwisha komaa hayakufaulu. Mwaka 1982, Richard Weindruch na Roy Walford walianza na panya wa aina ndogo wenye miezi 12, yaani wa umri wa kati, wakawapunguzia taratibu badala ya siku moja, huku wakihakikisha vitamini na madini havipungui. Hao waliishi muda mrefu zaidi kwa asilimia 10 hadi 20. Neno la kushika hapo ni taratibu. Wewe ulishuka kalori 900 kwa siku moja.

Na walioanza uzeeni kabisa? Habari si nzuri sana. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani waliwabadilishia chakula panya wenye miezi 24, ambao kwa panya ni wazee hasa. Waliokuwa wamezoea kula watakavyo walipopunguziwa katika umri huo walipata faida ndogo sana. Tishu yao ya mafuta iliendelea kutenda kana kwamba bado wanakula vilevile, mwili ukakumbuka maisha ya zamani. Lakini wapo watafiti wengine waliowapunguzia panya wa miezi 19 na kuona vifo vikipungua ndani ya muda mfupi. Umri huo uko katikati ya makundi hayo mawili. Kwa jinsi ninavyousoma ushahidi wote, faida haizimiki ghafla kama taa. Inafifia kadiri unavyochelewa kuanza, na hatari inapanda upande wa pili.

Kuna utafiti mmoja wa panya ambao ningependa uukumbuke kuliko ule wa 1935. Ulichapishwa mwaka 2024 na kituo cha Jackson Laboratory cha Marekani. Walichukua panya jike 960 wa nasaba mbalimbali, kwa sababu zamani majaribio mengi yalitumia panya waliofanana kama mapacha, na sisi watu hatufanani hivyo. Waliokula watakavyo waliishi wastani wa miezi 25. Waliopunguziwa asilimia 40 walifika miezi 34. Hapo ungesema haya, si nilisema? Subiri. Ndani ya kundi hilohilo lililopunguziwa, waliopungua uzito zaidi ndio waliokufa mapema, na walioweza kuushikilia uzito wao licha ya chakula kidogo ndio walioishi sana. Kwa hiyo kilo 4 unazosifiwa haziwezi kuwa kipimo cha miaka utakayoongeza. Hata miongoni mwa panya hazikuwa hivyo.

Panya wameniwia wepesi kuwaeleza, tumbili ndio walionifundisha zaidi. Vituo viwili vya Marekani vilianza kuwachunguza tumbili aina ya rhesus: Taasisi ya Taifa ya Uzee mwaka 1987, na Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1989. Tumbili hawa huishi miaka mingi, hivyo majibu yalichukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 2009 Wisconsin walisema waliokula kidogo wanaugua kidogo na kuchelewa kufa. Mwaka 2012 ile taasisi ikasema kwao hapana, waliopunguziwa hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao, si walioanza wakiwa wadogo wala walioanza wakiwa wazee. Nakumbuka tulivyobishana kazini mwaka ule, kila mmoja na upande wake. Hatimaye vituo vyote viwili viliketi pamoja na mwaka 2017 vikachapisha uchambuzi wa pamoja, na tofauti ikaeleweka. Chakula cha Wisconsin kilikuwa na sukari karibu asilimia 28; cha wenzao chini ya asilimia 4. Tena Wisconsin kundi la kulinganisha lilikula litakavyo, na kwenye taasisi kundi hilo lilipimiwa chakula lisizidi. Tumbili walioanza uzeeni pale kwenye taasisi, waliopunguziwa na wasiopunguziwa, wote waliishi sana. Mimi nasoma hivi: ukishaacha kula kupita kiasi, na ukala chakula safi kisicho na sukari nyingi, sehemu kubwa ya faida umeipata. Kubana zaidi ya hapo hakukuwaongezea wazee wale kitu.

Upande wa watu, utafiti mkubwa kuliko yote ya aina hii unaitwa CALERIE. Walishiriki watu 218 wasio wanene kupindukia, na baadhi yao walipangiwa kupunguza kalori kwa asilimia 25 kwa miaka miwili. Waliweza karibu asilimia 12, pamoja na kusaidiwa na wataalamu kila hatua. Presha ilishuka, mafuta ya damu yalikuwa mazuri zaidi, na uchambuzi wa mwaka 2023 wa vinasaba vyao ulionyesha kasi ya kuzeeka imepungua kwa asilimia 2 hadi 3. Ni habari ya kutia moyo na siifichi. Lakini mifupa ya uti wa mgongo na nyonga ilipoteza uzito. Na umri wa washiriki, kaka, ulikuwa kuanzia miaka 21 hadi 50. Mtu wa umri wako au wangu hakuwemo. Ukishusha chakula kwa asilimia 40 ukiwa na miaka 66, unafanya peke yako nyumbani jaribio ambalo wao hawakulifanya.

Kuhusu baridi na kuamka saa tisa usiku: mwili wako haujaharibika, umeshtuka. Chakula kikipungua sana, mwili hupunguza moto wake ili uokoe kidogo kilichopo. Mwanzoni mwa mwaka 1945 kule Minnesota, Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wenye afya nzuri kalori kama 1,570 kwa siku, kwa wiki 24, ili kujua namna ya kuwasaidia waliokumbwa na njaa ya vita. Walisikia baridi, mapigo ya moyo yakawa polepole, wakawa wanawaza na kuota chakula mchana na usiku. Walikuwa vijana, na walikula zaidi ya unavyokula wewe sasa. Ingawa wao walitembea kilomita nyingi kila wiki na wewe hutembei hivyo, dalili zako na zao ni ndugu.

Cornaro sitamsema vibaya. Alikuwa mtu aliyekula na kunywa kupindukia hadi akaugua, na madaktari wakamwambia abadilike la sivyo afe. Alibadilika, akapona. Hapo alikuwa na miaka 40 hivi, na alikuwa na cha kupunguza. Yeye alikiacha kilichokuwa kinamuua. Wewe hukuwa na kitu cha namna hiyo.

Basi tufanye nini? Kwanza, rudi kilo 68 hadi 70, na 68 iwe sakafu yako. Siitoi hewani. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya watu karibu 198,000 wenye miaka 65 na zaidi. Kwa umri huo, ile hesabu ya uzito kwa urefu ikishuka chini ya 23, vifo vilianza kuongezeka: kwenye 21 kwa asilimia 12, kwenye 20 kwa asilimia 19. Ni kweli baadhi ya wembamba wale walikuwa tayari na maradhi yaliyowakondesha, kwa hiyo namba hizo zisikutishe kupita kiasi. Lakini 23 kwako ni kilo 68, na leo una 67. Ungeendelea na mwendo huu ungefika 60 kabla ya miezi mitatu kupita kuanzia leo.

Panda kalori hadi 1,900 wiki hii, kisha 2,100. Hapo kwenye 2,100 simama uone. Ni pungufu kidogo ya ulichokuwa unakula, na pungufu hilo liondoe kwenye sukari ya chai, vinywaji vitamu na vitu vya kukaanga. Usiguse protini. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, yaani kwako kama gramu 70 hadi 85, mradi figo zako ni nzima. Waombe wazipime siku hiyohiyo ya presha. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, bakuli la maharage yaliyopikwa kama 15, kipande cha samaki cha gramu 100 zaidi ya 20. Gawanya katika milo mitatu. Wazee wengi niliowahudumia walikula protini yote mlo mmoja wa mchana, asubuhi chai tu, usiku chai tu, na misuli haipendi kungoja hivyo.

Halafu kiti. Chukua kiti imara kisicho na mikono, kiegemeze ukutani, kunja mikono kifuani, na kwa sekunde 30 inuka na uketi mara nyingi uwezavyo. Usifanye kabla ya kizunguzungu kuisha, na mke wako awe karibu. Mwanamume wa miaka 65 hadi 69 asiyefika mara 12 ana kazi ya kufanya. Siku utakayofanya, andika namba yako na tarehe, na uandike tena kila mwezi kwenye daftari lilelile unaloandika kalori. Namba hiyo ndiyo ningependa ikuamshe saa tisa usiku. Mazoezi yenyewe ni mara 3 kwa wiki: kuinuka kitini kwa awamu, kusukuma ukuta kwa mikono miwili, kupanda ngazi, kunyanyua kitu chenye uzito unaokuchosha ukifika mara ya 10. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, endelea nako, ila kutembea peke yake hakujengi paja.

Umeuliza kama umechelewa. Kwa njia uliyoichagua, ndiyo, na nakuomba uiache. Kwa kubadili unachokula, hapana. Mwaka 2022 watafiti wa Norway walifanya makadirio: mtu wa miaka 60 anayetoka kwenye chakula cha kawaida cha nchi tajiri, chenye sukari na nyama nyingi za kusindikwa, akahamia kwenye jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, karanga na mboga, anaweza kuongeza kama miaka 8. Hata wa miaka 80 anaongeza zaidi ya 3. Ni makadirio ya hesabu, hawakuwafuata watu hadi kaburini. Lakini kwangu yana uzito, kwa sababu hayamtaki mzee alale na njaa.

Kuhusu baba. Mimi nitakapofika umri ambao mama alianguka nao bafuni nitakuwa najua unavyojisikia; sijafika bado, na tayari nauhesabu. Hukuniandikia baba alifariki kwa nini. Kama ni moyo au kiharusi, mwambie daktari neno hilo kwanza, kabla hujamwambia kalori. Presha iliyodhibitiwa vizuri, sigara iliyoachwa na sukari inayopimwa ndivyo vinavyomtenga mtoto na kifo cha mzazi wake. Na mke wako aliposema unaonekana mgonjwa, alikuwa anakutazama. Mwonyeshe ukurasa huu, uende naye kliniki. Niandikie tena baada ya miezi mitatu, uniambie umeinuka kitini mara ngapi.

SWALI

Dada yangu, nina miaka 58 na kilo 84, urefu sentimita 160. Nina kisukari, nameza glibenklamidi. Nataka kuacha chakula cha jioni ili nile ndani ya saa 8 tu kwa siku. Ni bora kuliko kupunguza sahani?

JIBU

Mdogo wangu, wewe tofauti na kaka hapo juu una cha kupunguza, na kupungua kutakusaidia. Lakini dawa hiyo inashusha sukari hata usipokula. Ukiimeza kisha ukaruka mlo, sukari inaweza kushuka usiku ukiwa usingizini. Usianze kabla aliyekuandikia dawa hajabadilisha dozi au saa ya kumeza. Dalili za sukari kushuka ni jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Weka kitu chenye sukari karibu na kitanda na umweleze mtu unayeishi naye.

Kuhusu saa 8: watu wengi hupungua kwa njia hiyo kwa sababu tu muda wa kula ukifupishwa wanakula kidogo. Kama kupunguza sahani kunakuwia rahisi, hujakosa kitu. Kwako ningependelea milo mitatu iliyopungua na chakula cha jioni cha mapema. Nayo mazoezi ya kiti yanakuhusu, tena una bahati ya kuanza miaka 8 kabla ya kaka yako.

SWALI

Mwanangu, nina miaka 74, nina kilo 47, urefu sentimita 156. Kijana wangu ninayeishi naye amesoma kwamba kula kidogo kunarefusha maisha. Ameondoa mafuta kwenye chakula changu, mayai ameniruhusu moja kwa wiki, na usiku napewa supu ya mboga. Ananipenda, sitaki kumvunja moyo. Ila nimechoka, na pete yangu ya ndoa inachomoka kidoleni. Nimwambie nini?

JIBU

Shikamoo mama. Usimwambie kitu, mpe tu gazeti, nitamwambia mimi.

Mwanangu, unampenda mama na ulisoma kwa nia njema. Nilikuwa kama wewe, na nilikuwa na cheti cha kazi hii ukutani. Uzito wa mama yako kwa urefu wake ni 19. Katika umri wake huo ni uzito wa kuongezwa. Panya na tumbili uliosoma habari zao walipunguziwa chakula kutoka kwenye shibe. Mama yako hana akiba ya kupunguza. Rudisha mafuta kwenye chungu leo. Mpe yai kila siku, mawili akiyataka. Ile supu ya usiku iwe na samaki au kunde ndani yake na kijiko cha mafuta juu, na kabla hajalala apate glasi ya maziwa. Kama anashiba upesi, mpe kidogo mara tano kwa siku.

Kisha mpeleke akapimwe. Kukonda kwa mama wa miaka 74 kunaweza kuwa na sababu nyingine kabisa: meno, tezi ya koo, kisukari, kifua, huzuni, dawa inayoua hamu ya kula. Uliza alikuwa na kilo ngapi mwaka jana. Kama amepoteza zaidi ya asilimia 5, mwambie daktari namba hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Na ile pete, mfungie uzi kwa ndani isije ikapotea, hadi kidole kijae.